Kutoka Manamba Hadi "Tuma Kwenye Namba Hii"

Wadau, nimepotea kidogo. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeolewa au nimepata kazi serikalini. Hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nyumbani, Migato. Kwa wasiopajua, Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Zamani tulikuwa Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, kisha mwaka 2012 mkoa mpya na wilaya mpya vikaanzishwa, nasi tukahama bila kuhama. Mpaka leo ukimuuliza mzee wa huko anatoka wapi atakujibu "Bariadi", na habari inaishia hapo.

Kilichonipeleka nyumbani ni balaa lililompata mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Nitamwita Dogo tu, maana amenisihi nisimtaje, na aibu aliyonayo inamtosha. Dogo alimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita. Analima pamba na baba yake, na simu yake imejaa makundi ya WhatsApp yenye majina kama "Ajira Mpya Leo". Siku moja likaingia tangazo. Lilitaja kampuni kubwa ya mgodi, kampuni ya kweli kabisa ambayo nina hakika haikujua lolote. Nembo ipo, mhuri upo, saini ipo. Wanatakiwa walinzi, wapishi, madereva na wasaidizi wa stoo. Elimu kuanzia kidato cha nne, uzoefu si lazima, mshahara Sh. 850,000, chakula na malala juu ya kampuni. Chini kabisa namba ya simu ya "wakala wa ajira".

Dogo akapiga. Akapokelewa na sauti ya mtu mstaarabu, anayejua kusema "karibu sana kijana wetu". Fomu Sh. 25,000. Akatuma. Baada ya siku mbili akaambiwa amechaguliwa, sasa alipie vipimo vya afya, Sh. 50,000. Akatuma. Kisha sare, kofia ngumu na kitambulisho, Sh. 65,000. Hapo ndipo mbuzi wawili walipouzwa. Jumla Sh. 140,000. Msimu wa 2023 bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh. 1,060 kwa kilo. Kwa bei hiyo, Dogo alituma zaidi ya kilo 130 za pamba, zilizopandwa, kupaliliwa, kupuliziwa dawa na kuchumwa punje kwa punje, kwa mtu ambaye hajawahi kumuona.

Nilimuuliza: ulipotuma, simu haikukuonyesha jina la mpokeaji? Akasema ilionyesha. Lilikuwa jina la mwanamke, wala halikufanana na la kampuni. Akamuuliza yule bwana, akajibiwa: "Huyo ni mhasibu wetu, wewe tuma tu, zimebaki nafasi nne." Nafasi nne! Dogo akaona akichelewa dakika kumi atawapisha wengine.

Akaambiwa afike stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, saa kumi na mbili asubuhi, gari la kampuni litawachukua. Alitoka Migato jana yake na begi alilonunuliwa na mama yake. Pale stendi akakuta kijana mwingine mwenye begi, kisha mwingine. Kufika saa mbili walikuwa wanane, mmoja wa Maswa, mabinti wawili wa Magu, na wengine wa huku na huku. Kila basi dogo jeupe lilipoingia walisimama wote. Saa tano simu ya wakala ikawa haipatikani. Dogo anasema mpaka saa saba hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema neno "tumetapeliwa". Walichangiana maandazi, wakaagana. Yeye akanipigia mimi nauli ya kurudi.

Kabla hamjamcheka, niseme langu. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni nililipa Sh. 20,000 kwa "semina ya ajira" ambayo mwishoni tungekabidhiwa kwa waajiri. Tulikabidhiwa soda na karatasi. Mimi, mwandishi wa habari mtarajiwa! Kwa hiyo simo kwenye kundi la wanaosema vijana wa kijijini ni wajinga.

Basi, nikafika nyumbani kumsindikiza Dogo polisi na pia kumwokoa na maneno ya baba mdogo. Jioni tukakaa kwa babu. Babu ana zaidi ya miaka themanini, na kama kawaida ya babu zetu ananiita mke wake na kulalamika kwamba nimemtelekeza. Nikamsimulia kisa chote. Sikutegemea aelewe mambo ya WhatsApp. Akasikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema: "Hao ni wale wale. Ndio waliomchukua baba yangu."

Kwa kumbukumbu ya babu, alivyosimuliwa, baba yake alichukuliwa miaka ya 1930, kabla babu hajazaliwa. Alikuja bwana mmoja na karani wake, wakakaa kwenye baraza la mtemi. Karani ndiye aliyesema. Alisema kuna kazi, si mbali, ukishuka kwenye treni unaiona. Alisema nyama kila wiki. Akagawa mablanketi, na blanketi wakati huo lilikuwa jambo kubwa. Wakatembea kwa miguu hadi stesheni ya Malampaka, wakapanda treni, wakashushwa Kimamba, huko Kilosa, kwenye mashamba ya mkonge. Kule wakagundua kwamba blanketi halikuwa zawadi. Lilikuwa limeandikwa kwenye daftari, linakatwa kwenye mshahara. Jina lake nalo halikuwa na kazi tena, akapewa namba. Aliporudi Migato watu wakamwita Manamba, na mpaka anazikwa wapo waliodhani ndilo jina alilozaliwa nalo.

Nimelisikia neno "manamba" tangu utoto, lakini sikuwahi kukaa nalo. Niliporudi Mwanza nikajifungia maktaba siku kadhaa. Ninayoandika hapa chini ni niliyoyapata huko, na nimeyapanga kwa swali moja tu ambalo babu aliliuliza jioni ile, akimlenga Dogo: "Huyo mtu wako, nani alikuwa anamlipa?"

Tuanze na mkonge wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga. Mche wa mkonge hauna shida, unaota hata kwenye jiwe. Shida ilikuwa mikono ya kuukata. Watu wa Tanga na Usambara walikuwa na mashamba yao, na hawakuona sababu ya kuacha mahindi yao wakakate majani ya Mzungu yenye miiba. Mabwana shamba wakaangalia bara. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na sifa ya miaka mingi ya kubeba mizigo ya pembe kwenye misafara ya kwenda pwani. Walijua njia, na hawakuogopa kwenda mbali. Ndipo mawakala wa kukusanya vibarua walipoanza kuja huku kwetu. Kule pwani Msukuma aliandikwa Mnyamwezi, hakuna aliyejali tofauti. (Sisi Wanyantuzu tungekasirika, lakini ndivyo ilivyokuwa.)

Mjerumani naye akasaidia kwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, na mtu asiye na fedha taslimu alibaki na njia chache za kuipata. Kwa hiyo wakala alipofika kijijini alikuta nusu ya kazi yake imeshafanywa. Alileta zawadi kwa mtemi, akaeleza maneno matamu, akaondoka na watu.

Sasa hapa ndipo swali la babu linapoingia. Wakala huyu hakulipwa na kibarua. Alilipwa na mwenye shamba, na alilipwa kwa kichwa. Vichwa mia, malipo ya vichwa mia. Akishawafikisha na kuhesabiwa, mkataba wake umekwisha. Kama kazi ni ngumu kuliko alivyosema, kama mshahara ni mdogo, kama shamba liko mwendo wa wiki nzima kutoka relini, hayo si yake tena. Mtu anayelipwa kwa kichwa ana kila sababu ya kusema uongo mwanzoni na hana sababu yoyote ya kuwepo mwishoni.

Na kuhusu umbali tu, fikirini. Reli ya kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeungana. Zilikuja kuunganishwa kati ya Ruvu na Mnyusi mwaka 1963, baada ya Uhuru. Kwa hiyo aliyeambiwa "treni inakufikisha", kama alikuwa anapelekwa Korogwe, treni ilimwacha huku na kumwachia nyika nzima aikate kwa miguu.

Mshahara nao ulikuwa na uongo wake, tena uongo wa kisheria. Huu uliitwa kipande. Usambara ulitumika tangu 1907, na baadaye ukaenea mashambani kote. Kibarua alipewa kadi yenye siku thelathini. Akimaliza kazi aliyopangiwa siku hiyo, anatiwa alama. Asipoimaliza, au akiugua, hapati alama. Mshahara wa "mwezi" ulilipwa alama zikitimia thelathini, si mwezi wa kalenda ukiisha. Mwezi wa kipande uliweza kuwa siku arobaini au zaidi. Wakala alipotaja mshahara wa mwezi kwenye baraza la mtemi, hakusema uongo hata kidogo. Hakusema tu ni mwezi gani.

Malalamiko yalikuwepo tangu mwanzo, na serikali haikuwa kiziwi. Mwaka 1909 Wajerumani walitunga sheria ya kumtaka mkusanya vibarua awe na leseni. Waingereza walipochukua nchi wakatunga yao ya mabwana na watumishi mwaka 1923, yenye leseni pia, na mkataba wa maandishi unaothibitishwa mbele ya ofisa wa serikali. Mwaka 1926 wakaanzisha idara ya kazi chini ya Meja Orde Browne. Mdororo wa uchumi ulipobana, mwaka 1931, idara ikafungwa. Nawaomba msiharakishe kupiga makofi kwa ajili ya sheria hizi. Sheria ile ile iliyomtaka wakala awe na leseni ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Mtu aliyedanganywa Migato akifika shambani na kuona ukweli, akaamua kurudi kwao, ndiye aliyetafutwa na polisi. Aliyemdanganya alikuwa njiani kutafuta vichwa vingine, leseni mfukoni.

Kama ni sheria hizo, Wasukuma wangebaki manamba vizazi na vizazi. Kilichowatoa ni pamba. Kadiri kilimo cha pamba kilivyokua Kanda ya Ziwa, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, mtu wa huku alipata fedha ya kodi, ya nguo na ya baiskeli bila kuondoka kwake. Miaka ya 1950 akina Paul Bomani waliunganisha wakulima kwenye ushirika, mpaka kikazaliwa chama kikuu cha Victoria Federation mwaka 1955. Wakala wa vibarua akija Usukuma wakati huo alikuta watu wanapima pamba. Hawakuhitaji kuelimishwa kwamba anadanganya. Walimwacha tu azungumze.

Wakala hakuacha kazi kwa sababu hiyo. Alihamia kwenye uhitaji. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi moja ya kukusanya vibarua kwa niaba ya wote, iliyojulikana kama SILABU. Ukiangalia ilikoenda kutafuta watu, unapata ramani ya mahali ambako zao la fedha lilikuwa halijafika au halikulipa: Kigoma kwa Waha, Njombe kwa Wabena, hadi Rwanda na Burundi. Kusini, kwa Wanyakyusa na majirani zao, kulikuwa na Wenela, iliyopeleka watu kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika iliufunga mlango wa Wenela, na SILABU yenyewe ilikoma katikati ya miaka ya 1960. Manamba wengi hawakurudi walikotoka. Nendeni Korogwe au Muheza mkaulize makabila ya watu wa huko, mtakutana na Waha na Wabena ambao hawajawahi kuona Kigoma wala Njombe.

Nitapita haraka kwenye miaka ya Ujamaa, maana wakala binafsi hakuwa na nafasi kubwa wakati huo. Alirudi milango ya biashara ilipofunguliwa. Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria ya kukuza huduma za ajira, na mwaka 2008 ukaanza Wakala wa Huduma za Ajira wa serikali, TaESA. Lakini mpaka hapo mawakala binafsi walikuwa wameshapata mtindo mpya. Hawakutafutia mtu kazi tu, walimwajiri wao wenyewe kisha "kumkodisha" benki, mgodini au kampuni ya simu. Mlinzi au karani alifanya kazi ofisi moja na kulipwa na ofisi nyingine, na katikati palibaki kitu. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2014 serikali ikapiga marufuku mtindo huo na kutoa kanuni za mawakala binafsi wa ajira. Kanuni hizo zinasema jambo ambalo kila mtafuta kazi angepaswa kulijua kama anavyojua nauli ya basi: wakala hatakiwi kumtoza mtafuta kazi ada. Anamtoza mwajiri. Shirika la Kazi la Kimataifa lilishaliweka hivyo kwenye mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997.

Kwa walioitwa kwenda Uarabuni historia ilijirudia karibu neno kwa neno. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wafanyakazi wa ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walihoji wanawake 50. Pasi za kusafiria zilichukuliwa na waajiri, mishahara ilikuwa pungufu ya ile waliyoahidiwa, na aliyetoroka aliweza kushtakiwa kwa kutoroka. Niliposoma hilo la mwisho nilikumbuka sheria ya 1923, nikafunga kompyuta kwanza nikanywa chai.

Sasa turudi kwa Dogo na swali la babu. Wakala wa manamba alidanganya kuhusu kazi, lakini kazi ilikuwepo. Mkonge ulikuwepo, mwenye shamba alikuwepo, na mshahara, hata uwe mbaya kiasi gani, ulitoka kwa mwenye shamba. Wakala alihitaji kukufikisha, la sivyo halipwi. Mtu wa Dogo alilipwa na Dogo. Akishalipwa na Dogo, mgodi wa nini? Gari la nini? Kumsafirisha ni gharama tupu. Hii ndiyo tofauti niliyoiona baada ya kusoma yote haya, na ndiyo sababu naona ushauri tunaoutoa redioni, "muwe makini na matapeli", haufiki popote. Makini na nini? Tangazo la Dogo halikuwa na kosa hata moja la Kiswahili. Mhuri ulikuwa mzuri kuliko wa ofisi yetu ya kata. Kitu pekee ambacho tapeli huyu hawezi kukigeuza ni mwelekeo wa fedha, kwa sababu fedha ndiyo kazi yake yote. Anaweza kuiita fomu, vipimo, sare, bima, "nauli itakayorudishwa", lakini lazima itoke kwako kwenda kwake, na lazima iende leo, kabla hujapata muda wa kumuuliza mtu mwingine. Zile nafasi nne zilizobaki zina kazi hiyo hiyo ya blanketi, kukufanya uondoke barazani umeshakubali.

Na kwa nini watu wanakubali? Rudini kwenye ramani ya SILABU. Mwaka 2014 Uhamiaji walipoita watu kwenye usaili, zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikuwa na nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Hizo ni ajira za kweli, za wazi, ambazo hazikutoza mtu shilingi. Walioachwa ni wengi kuliko wakazi wa wilaya nyingine. Simiyu inaongoza kwa pamba nchini, lakini bei ya mwaka 2023 ilishuka kutoka zaidi ya Sh. 1,500 ya mwaka uliotangulia. Pamba iliyomfukuza wakala miaka ya 1950 imechoka, na wakala amerudi. Safari hii hahitaji hata kupanda treni hadi Malampaka.

Nilimuuliza Dogo kama angekuwa na wasiwasi tangu mwanzo angefanya nini. Akasema angempigia yule yule wakala amuulize kama ni kweli. Hapo tulikaa chini na simu yake. Nikamwonyesha kutafuta namba ya kampuni yenyewe kwenye tovuti ya kampuni, siyo ile iliyo kwenye tangazo. Tukapiga. Dada wa mapokezi alituambia kwa sauti ya mtu aliyerudia jambo hilo mara nyingi kwamba hawana wakala yeyote na matangazo yao ya kazi yako kwenye tovuti yao. Simu ile ilitugharimu dakika mbili. Dogo alinyamaza muda mrefu baada ya hapo. Nikamwonyesha pia namna ya kuangalia jina la kampuni BRELA, na kwamba kazi za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, ambako hakuna fomu ya kununua. Ujumbe wenyewe tuliutuma 15040, ile namba ya TCRA ya kuripoti matapeli. Laini zote zilisajiliwa kwa alama za vidole, shughuli ile tuliyopangia foleni hadi Januari 2020, kwa hiyo yule mama "mhasibu" yupo mahali fulani. Inawezekana hata yeye hajui kwamba kuna laini kwa jina lake.

Kesho yake tukaenda polisi. Askari alituandikia maelezo vizuri tu, akauliza Dogo ana uthibitisho gani, Dogo akaonyesha jumbe tatu za miamala ambazo kwa bahati hakuzifuta. Nawaombeni na nyinyi msifute. Akapewa RB. Mabinti wa Magu tuliwapigia nao wakafungue ya kwao, mmoja akakubali, mwingine akasema mumewe hajui kama alituma hela na hataki ajue.

Tuliporudi Migato jua lilikuwa linazama. Baba mdogo hakusema neno, ambalo kwake ni maendeleo. Babu alikuwa pale pale kwenye kigoda chake. Akauliza wamesema nini polisi. Dogo akasema wamemfungulia jalada, wamempa RB, atapigiwa.

"RB ni kitu gani?"

"Ni namba, babu."

Babu akamtazama, akanitazama na mimi, akacheka mpaka akakohoa. Bibi ikabidi amletee maji.